Ng'ombe wa Nyumba ya Ghati

Siku ya sita baada ya Rubeni mchoraji kuokotwa amekufa kwenye njia ya mashambani huko Nyambureti, mjane wake alikuwa bado anakataa kumzika.

Mkaguzi Msaidizi Saida Hamidu alikuwa ameshakutana na wajane wa kila namna katika miaka kumi na minne ya upelelezi. Wapo waliozimia, wapo waliogombania baiskeli ya marehemu kabla hajafika mochwari, na yupo mmoja aliyemuuliza kama polisi wanachangia sukari ya msiba. Scholastica hakuwa katika kundi lolote. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mikono juu ya magoti, akajibu kila alichoulizwa bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Mama Elieth, hospitali wamesema mwisho ni Jumamosi," Saida alisema. "Ikipita hapo, halmashauri watamzika wao, kule wanakozikwa wasio na watu."

"Nimesikia."

"Leo Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani, afande." Scholastica alitazama uwanja. "Mume wangu aliniapisha, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Akasema nikifa unizike nyumbani, usinizike kwa watu. Nikamwambia sawa, nyumbani ni wapi? Akasema siku ikifika atanionyesha. Sasa siku imefika na hakunionyesha."

"Hapa si kwenu?"

"Hapa ni kiwanja cha kanisa. Tumeazimwa."

Binti yao Elieth, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama akiegemea ukuta.

"Shuleni walikuwa wanatuuliza sisi ni wa ukoo gani," alisema. "Baba alikuwa anatuambia, ninyi ni Wakurya, inatosha. Haitoshi. Mkurya mwenzako anataka kujua mji, anataka kujua nyumba. Mimi nilikuwa nanyamaza."

"Haitoshi kabisa," alisema Koplo Nelson, ambaye ni Mkurya wa Sirari na alikuwa akiandika maelezo kwenye goti lake.

Kesi yenyewe ilikuwa imewapiga chenga tangu mwanzo. Rubeni alipigwa mara moja kisogoni kwa kitu kizito. Simu ilikutwa mfukoni, baiskeli ilikutwa imeegemezwa kwenye mti, kwa hiyo wezi hawakuhusika. Jirani mmoja aliona pikipiki ikiingia njia ya mashambani saa kumi jioni, mpandaji akiwa na helmeti, na zaidi ya hapo hakuona kitu. Siku tatu nzima Saida na Nelson walizimalizia kwa wazee wa Nyambureti, kwa sababu Nelson alisikia kwamba Rubeni alikuwa anachora jando, na jando lina mambo ambayo hayawekwi hadharani. Palikuwa na manung'uniko, hilo ni kweli. Lakini kila mzee aliyehojiwa alikuwa na mahali alipokuwa jioni ile na watu wa kumthibitisha.

"Tuonyesheni hizo picha zenyewe," Saida alisema. Alijilaumu kimoyomoyo kwamba hakuliomba hilo siku ya kwanza.

Zilikuwa thelathini na moja, zimepangwa wima chumbani kama milango ya fundi seremala. Rubeni alichora juu ya plaiwudi, kwa rangi za nyumba na udongo mwekundu aliouchanganya na gundi. Elieth alizitoa nje moja moja akaziegemeza ukutani kwenye mwanga. Palikuwa na mpiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Wakurya, aliyefumba macho. Palikuwa na wanawake wakisiliba ukuta kwa samadi, viganja vyao vikiacha mistari inayopinda. Palikuwa na wachezaji waliovaa viatu virefu vya mbao, miguu yote juu, vumbi chini yao. Saida hakuwa mtu wa picha, lakini alijikuta amekunja mikono akizitazama.

Za jando zilikuwa nne. Nelson alichuchumaa mbele ya moja kwa muda mrefu. Umati ulikuwa umechorwa kwa migongo, wamepaka unga shingoni, miavuli juu. Katikati ya duara, pale ambapo kila mtu alikuwa anatazama, hapakuwa na rangi hata tone. Ni ubao mtupu.

"Tumewasumbua wazee wa watu bure," Nelson alisema. "Huyu hakuvunja kitu. Alijua mahali pa kuishia."

"Kwa hiyo ni Mkurya kweli, siyo wa kujipachika."

"Afande, wa kujipachika angechora mpaka kisu."

Saida alizaliwa Mugumu, katika duka la ngozi la babu yake aliyetoka Pangani, na utoto wake aliupitisha akiruka juu ya marundo ya ngozi za ng'ombe. Labda ndiyo sababu macho yake yalikwenda kwa mifugo. Alitazama picha ya kwanza yenye ng'ombe, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Kisha akazipitia zote, ameinama, mkono kiunoni.

"Elieth, njoo hapa. Ng'ombe wote wa baba yako wana masikio ya aina moja."

Ilikuwa hivyo. Kila ng'ombe, hata wa mbali kabisa aliyechorwa mdogo kama punje ya kunde, sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha, na la kulia lilikuwa na mapengo mawili upande wa chini.

"Nilimuuliza nikiwa mdogo," Elieth alisema. "Akasema ng'ombe wa nyumbani wako hivyo."

Nelson alifunga daftari lake. "Zamani kila mji ulikuwa na mkato wake, ili ng'ombe akiibiwa ajulikane. Siku hizi ni hereni za serikali zenye namba, sisi vijana hatujui tena mikato. Ila wazee wa zamani, ukiwaonyesha sikio tu, watakuambia ng'ombe ni wa nani."

Saida alimgeukia mjane. "Picha zote ziko hapa?"

"Moja ilikwenda Tarime kuuzwa," Scholastica alisema. "Kubwa. Ina mji mzima, na boma la ng'ombe, na nyumba. Yupo fundi fremu anaitwa Athumani."

*

Mzee Athumani alikuwa na kibanda cha fremu na vioo karibu na stendi ya Tarime. Alipoambiwa Rubeni amekufa, aliweka nyundo chini, akasoma innalillahi, akakaa. Hakuwa amesikia.

"Ile picha kubwa niliiuza," alisema. "Leo siku ya tisa."

"Kwa nani?"

"Jina hakuniachia. Mtu mzima, miaka sitini hivi, kofia ya pama. Mimi wateja wa picha nawajua, mwanangu. Anayependa picha anarudi nyuma, anaitazama kwa mbali. Yule alisogea. Aliweka pua kwenye ng'ombe. Akakaa pale mpaka nikadhani anataka kuinunua kwa kuinusa."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza nani amechora. Nikamwambia ni Rubeni. Akasema, Rubeni wa wapi? Nikamwambia wa Nyambureti, ukifika pale uliza mtu yeyote." Athumani alisita. Aliichukua nyundo, akairudisha. "Ni mimi niliyemwelekeza."

"Hukujua, mzee."

"Sikujua, lakini ni mimi."

Saida aliendelea na maswali. Mteja yule alikuja na pikipiki iliyojaa vumbi jeupe la mawe, lile la kutoka machimboni. Aliomba picha ifungwe gunia isionekane njiani, na akaondoka kwa barabara ya kwenda Nyamongo. Athumani alikuwa na mazoea ya kupiga picha kila kazi inayopita mikononi mwake, akaitafuta kwenye simu. Saida aliipanua kwa vidole viwili. Mji wenye lango la miti, boma katikati, nyumba nne kubwa upande wa juu, na nyumba moja ndogo peke yake upande wa mto. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Mbele ya ile nyumba ndogo walisimama wanawake wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wameshikana mikono, na kati yao mtoto.

*

Ofisi ya kijiji cha Matongo, huko Nyamongo, iliwaelekeza kwa mzee Nchagwa, aliyefanya kazi kwenye josho la zamani kwa miaka ishirini na minane. Walimkuta uani anapukuchua mahindi. Alikuwa na miaka sabini na minne na macho mazuri kabisa, kwani hakuhitaji simu isogezwe. Saida alimwonyesha kichwa cha ng'ombe mmoja tu.

Vidole vya mzee vilisimama kwenye gunzi.

"Mmeitoa wapi?"

"Unaijua, mzee?"

"Kukata ncha ni sisi. Ni mji wa mzee Ryoba, babu wa baba yangu. Mapengo mawili ni nyumba. Kila mke wa Ryoba alikuwa na alama yake chini ya alama ya mji." Alilitazama tena lile sikio. "Hiyo ni nyumba ya Ghati, mke wake wa mwisho. Hakuna ng'ombe mwenye sikio hilo tangu mwaka sabini na tano. Nyumba ile ilikufa."

"Ilikufaje?"

Mzee alimtazama Nelson. "Wewe mura, kijana wa nyumbani, hujamweleza mkubwa wako?"

"Mweleze wewe, tata," Nelson alisema. "Mimi nitakosea."

Nchagwa alieleza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayechagua maneno. Ghati alibaki mjane bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo akafanya kama desturi inavyomruhusu, akatoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa binti anayeitwa Wegesa, aje azae kwa ajili ya nyumba ile. Wegesa akawa kama mke wa mwana ambaye Ghati hakumzaa, akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akahesabiwa mjukuu wa Ryoba, haki zote. Akapewa jina la Ryoba huyohuyo. Mtoto alipofika miaka saba, Ghati akafariki. Wakubwa wa mji wakakaa, wakasema Wegesa ni mwanamke wa kuja na mtoto hana baba. Ng'ombe wakagawanywa. Mama na mtoto wakatoka asubuhi moja na sufuria na mkeka.

"Nani alisimamia kugawa?"

"Baba yake Filemoni. Huyo Filemoni ni ndugu yangu wa ukoo. Filemoni ndiye analima pale sasa. Na watu wa tathmini wa mgodi wanapita mwezi ujao, wanapima mashamba yote ya upande wa mto yalipwe fidia." Nchagwa alichukua gunzi jingine, hakulipukuchua. "Lakini usiandike kwamba ni baba wa Filemoni peke yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwepo. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema neno, na sikusema."

Ndipo Saida alipomwambia. Mtoto yule amekuwa mchoraji, ameishi Nyambureti kwa jina la Rubeni, na sasa amelala mochwari Mugumu, ameuawa. Mzee alifunika uso kwa viganja viwili. Alilia, na Saida alimsubiri. Aliona huruma, na pia aliona hasira, kwa sababu machozi yale yalikuwa yamechelewa karibu miaka hamsini.

"Tunahitaji mtu wa ukoo amtambue," alisema hatimaye. "Marehemu ana kovu kubwa pajani, la kuungua. Mkewe anasema aliungua na maziwa akiwa mtoto. Ukilikumbuka, utatusaidia."

"Kuungua nakumbuka. Kovu siwezi kulitambua."

"Kwa nini?"

"Sikuwahi kuliona, na sitaliona leo. Yule ni baba yangu."

Saida alidhani amesikia vibaya. "Alikuwa mdogo kwako kwa miaka kumi na nane."

"Mdogo kwa miaka. Kwa kizazi, yeye ni mjukuu wa Ryoba, na baba yangu ni mjukuu wa Ryoba. Wanalingana. Mimi nikiwa kijana mwenye ndevu, akija mtoni yule mtoto wa miaka saba, natoka majini, navaa, naondoka. Baba yako huoni uchi wake na yeye haoni wako, awe hai, awe maiti. Mkimfunua mle ndani mimi nitakuwa nje. Nitakuja, lakini nitakaa nje."

Nelson alitingisha kichwa kukubali. Saida alikuwa ameacha kuandika.

"Na Filemoni?" aliuliza.

"Filemoni na mimi ni kizazi kimoja. Kwake pia ni baba."

"Filemoni anajua kwamba mtoto yule alirudi?"

"Sisi wote tunajua alifia Kenya. Ndivyo tulivyoambiwa."

Saida alimwomba mzee asimwambie mtu neno mpaka kesho, akakubali. Walipofika kwenye gari, Nelson alianza kusema, Saida akamzuia kwa kiganja. Alikuwa anapanga. Kofia ya pama, miaka sitini, vumbi la machimbo, shamba la mto: vyote vilielekea upande mmoja, lakini wakili yeyote angevifagia asubuhi moja. Pale kijijini wazee wenye kofia za pama walikuwa hawahesabiki.

"Wewe utabaki hapa," alimwambia Nelson. "Nitakuachia hati ya upekuzi, usiitumie mpaka Filemoni awe ametoka. Tafuta picha. Mimi nitamwomba mwenyekiti wa kitongoji aje Mugumu kesho na watu wazima wawili watatu, Filemoni akiwemo, kututambulia maiti. Nitasema ni dereva wa lori wa kutoka Sirari, huenda aliwahi kupita Matongo."

"Filemoni atakubali kuja?"

"Akikataa kumtazama dereva asiyemjua, hilo nalo nitaliandika."

*

Filemoni alikubali. Alikuja Ijumaa saa nne asubuhi pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene mchangamfu wa ukoo mwingine ambaye njia nzima alikuwa akilalamikia kiti cha gari. Filemoni alikuwa mrefu, mkimya, koti safi, kofia ya pama mkononi kwa heshima ya mahali. Nchagwa alikuwa ameletwa mapema kwa gari jingine na kukalishwa nyuma ya jengo, pamoja na Scholastica na Elieth. Hawakuwa wamejulishana. Saida aliwaambia tu wasubiri.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Mhudumu alivuta kitanda cha chuma, akafunua uso.

"Simjui," mwenyekiti alisema mara moja. "Madereva wanapita wengi. Huyu sijapata kumwona."

"Mzee Filemoni?"

Filemoni alitazama uso ule kwa utulivu, muda unaotosha kabisa. "Simjui."

"Hujawahi kukutana naye popote?"

"Sijawahi."

Saida aliandika majibu yote mawili, saa na dakika. Kisha akamwambia mhudumu, kwa sauti ileile, "Ana kovu pajani, huenda likawasaidia. Toa shuka lote."

Mhudumu alishika pindo. Shuka lilipofika kifuani, Filemoni aligeuka. Hakugeuka kama mtu aliyeshikwa na kichefuchefu, hakuinama wala hakushika mdomo. Alizunguka mwili mzima akaelekea ukutani, akainua kofia akaiweka kando ya uso wake, upande ule wa kitanda, akasimama hivyo.

Mwenyekiti alikuwa ameshalitazama kovu na kutikisa kichwa. Sasa alimwona mwenzake. Alishangaa, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtania jirani yake wa miaka yote.

"Filemoni, vipi? Kwani dereva huyu ni baba yako?"

Kicheko cha mwenyekiti kiliisha chenyewe. Alimtazama maiti, akautazama mgongo wa Filemoni, akamtazama Saida, na uso wake ukabadilika.

"Mfunike," Saida alimwambia mhudumu. "Mwenyekiti, asante, nisubiri nje. Na ulichokisema hapa utakuja kukisema kwenye maelezo yako, vilevile ulivyokisema."

Mlango ulipofungwa Filemoni alishusha kofia, lakini hakugeuka.

"Niliumwa na tumbo," alisema.

"Ulisema humjui."

"Simjui."

"Mtu usiyemjua angekuwa mwili wa dereva tu. Mwenyekiti alimtazama hivyo, na mimi nimemtazama hivyo. Wewe peke yako humu ndani ndiye uliyempa heshima ya baba. Nani alikuambia ni baba yako? Mimi sikukuambia. Kijijini wanajua alifia Kenya."

Simu ya Saida ilitetemeka. Alimsikiliza Nelson kwa nusu dakika, akajibu "sawa" mara tatu, akakata.

"Picha iko ghalani kwako," alisema. "Imefungwa blanketi juu ya gunia, na karatasi ya fundi fremu bado imebandikwa nyuma. Mzee Filemoni, nakukamata kwa tuhuma za mauaji ya Ryoba, anayejulikana pia kama Rubeni. Hulazimiki kusema neno lolote. Ukisema, nitaliandika na litasomwa mahakamani. Una haki ya kumwita wakili au ndugu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Alikaa kwenye benchi la ukutani. Saida alikaa upande wa pili, daftari gotini. Hakumharakisha. Alitaka kumchukia mtu huyu na alikuwa na kila sababu, lakini ule mgongo aliouona ulikuwa umemkwamia rohoni.

"Kwa nini hukuichoma?" aliuliza.

"Ile picha?" Filemoni alionekana kushangaa swali. "Ina mji wetu. Ina nyumba ya bibi Ghati, ilivyokuwa, na ule mti wa langoni. Tuliobaki tunaokumbuka lango lilivyokuwa hatuzidi wawili. Nitachomaje?"

"Ulipoiona Tarime ulijua ni yeye."

"Nani mwingine angejua yale mapengo mawili? Nilidhani ameiweka mjini makusudi. Nilidhani ni barua, anatuambia anakuja. Na watu wa tathmini wako njiani."

"Ukaenda Nyambureti."

"Nilikwenda kumwomba. Sikwenda kwa ubaya. Nilimkuta njiani shambani, nikavua helmeti, nikamwamkia. Nikamwita tata, yaani baba." Aliizungusha kofia mkononi. "Alilia, afande. Alinishika mikono akalia, akasema tangu wametoka hakuna mtu wa ukoo aliyemwita hivyo. Nikamwambia, tata, tuachie shamba. Akasema hataki shamba. Akasema anataka mahali pa kulala tu, urefu wake, kando ya Ghati."

"Akimaanisha kaburi."

"Ndiyo."

"Nawe ukafanya nini?"

"Sikumsadiki. Nilisema moyoni, kaburi likishakaa pale, watoto wake watakuja nyuma ya kaburi. Akageuka kwenda kuchukua baiskeli, akasema twende nyumbani ukamwone mke wangu. Rungu lilikuwa kwenye pikipiki."

Saida aliandika mpaka mwisho wa sentensi. Akampa asome, akasoma, akatia saini kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Askari wawili walimchukua kwa mlango wa mbele na kumweka kwenye gari.

Nyuma ya jengo wale watatu walikuwa bado wamekaa, Nchagwa mwisho wa benchi, mjane na binti mwisho mwingine. Saida aliwaeleza akiwa amesimama, kwa maneno machache na bila kuficha. Mji ni upi, nyumba ni ipi, mzee huyu ni nani, na nani aliyemuua Rubeni na kwa sababu gani. Alipofika kwenye yale maneno ya kando ya Ghati, Scholastica alijifunika khanga kichwani na kwa mara ya kwanza akalia, kwa sauti, mpaka wauguzi wakatoka kuangalia.

Nchagwa alisubiri mpaka alipotulia. Kisha akainuka, akawasogelea.

"Kesho tutachimba," alisema. "Mahali pale mimi napajua. Leo hii natuma neno kwa wazee, na atakayepinga anikute nimesimama juu ya shimo."

Elieth alisimama mbele yake, akainamisha kichwa. "Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Alimshika bega akamwinua.

"Usiniamkie hivyo. Baba yako ni baba yangu. Mimi na wewe tumelingana, wewe ni dada yangu. Ukifika Matongo, wazee watakaokuja kukuamkia usiwaogope, ni kaka zako wote."

Elieth alimtazama usoni, mtu wa miaka sabini na minne, meno mawili tu upande wa juu. Midomo yake ilijaribu lile neno bila kulitoa. Kisha macho yake yakapita begani kwa mzee, yakaenda mpaka uwanjani, kwenye gari la polisi, ambako kofia ya pama ilionekana kupitia nondo za dirisha la nyuma.

"Na yule?" aliuliza.

Nchagwa hakugeuka kutazama.

"Yule naye ni kaka yako."

Gari liliwashwa. Elieth alibaki amesimama akilitazama mpaka lilipotoka getini, kisha akakaa tena kwenye benchi kando ya mama yake.